Laptopu Inasumbua: Anza Nje, Ingia Ndani, Kisha Ndiyo Ufikirie Kununua

Laptopu nyingi zinazofikishwa kwa fundi hapa Kampala, ubovu wake hauko ndani. Uko kwenye chaja, kwenye ekstensheni iliyolegea, kwenye flashi iliyotoka kuchapishiwa kazi, au kwenye mpangilio ambao mtoto aliugusa bila kujua. Ndiyo maana mwongozo huu unatoka nje kuingia ndani: kwanza kile unachoweza kukichomoa na kukirudisha bila kulipa shilingi, kisha kinachotaka bisibisi, mwisho kinachotaka pochi. Swali la "ninunue ipi?" nimeliacha nyuma kwa makusudi. Anayejua kompyuta yake ya zamani ilishindwa wapi ndiye anayejua anunue nini. Asiyejua hununua ubovu uleule ndani ya kasha jipya.

Jambo moja tu halingoji zamu yake. Kama mashine bado inawaka, hata kwa kusuasua, nakili mafaili yako leo: tasnifu, hesabu za duka, picha za harusi. Diski huchelewa kuonyesha kwamba inakufa, na ikishaanza kuonyesha haina subira.

Haiwaki kabisa

Umebonyeza kitufe; hakuna taa, feni haizunguki, kimya. Usianze na laptopu, anza na ukuta. Chomeka simu kwenye soketi ileile uone kama inachaji. Utacheka, lakini zipo nyumba ambamo Yaka, mita ya umeme wa kulipia kabla, imeishiwa yuniti huku mwenye laptopu ameshafungua mfuniko wa chini.

Soketi ikiwa nzima, tazama plagi. Huku kwetu soketi ni za pini tatu bapa kama za Uingereza, volti 240. Laptopu zilizotoka Ulaya bara huja na plagi ya pini mbili za mviringo, na mwenye nayo hununua adapta ya bei ya chini inayochezacheza kwenye soketi. Ukisikia mlio wa cheche au ukaona plastiki imebadilika rangi, umempata muuaji wa chaja. Waya unaotoka ukutani hadi kwenye kisanduku cha chaja huuzwa peke yake, wenye plagi ya pini tatu, na bei yake ni ndogo mno kulinganisha na chaja kamili. Badilisha huo waya, achana na adapta.

Sasa taa ya chaja. Ikiwa inawaka chaja ikiwa peke yake, lakini inazimika mara tu unapoichomeka kwenye laptopu, mara nyingi chaja haina kosa. Inajikinga, kwa sababu ndani ya laptopu kuna shoti: ama tundu la chaja limevunjika, ama kipande fulani kwenye ubao mkuu kimeungua. Hapo acha kujaribujaribu, mpelekee fundi mwenye mita. Ikiwa taa haiwaki hata kidogo, azima chaja nyingine, ila soma kibandiko kwanza. Volti lazima zilingane. Ampea zinaweza kuzidi, zisipungue. Dell na HP nyingi hutaka volti 19.5, Lenovo nyingi volti 20. Kwa laptopu zinazochaji kwa tundu la USB-C, chaja ya simu ya wati 18 mara nyingi haitoshi. Mashine huomba wati 45 au 65, na ikipewa pungufu hukataa au huchaji kwa kujikongoja.

Kuna ujanja wa chaja za Dell ambao umewagharimu wengi. Katikati ya kichwa cha chaja kuna pini nyembamba inayoiambia laptopu, "mimi ni chaja fulani, wati kadhaa." Pini hiyo ikipinda au waya wake ukikatika, laptopu inawaka kama kawaida, lakini betri haichaji na prosesa inapunguzwa kasi kwa makusudi. Mwenyewe anaona vitu viwili, betri haipandi na mashine imekuwa nzito, anadhani ni virusi, anapigiwa Windows upya, hali inabaki ileile. Kumbe ni chaja.

Chaja nzima, soketi nzima, bado kimya? Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukikishikilia kwa sekunde 30. Umeme uliobaki ndani unakwisha. Chomeka chaja peke yake, ujaribu tena. Usishangae ikiamka. Ikiamka na kutoa mlio wa "bip" au taa ya Caps Lock ikapepesa, hesabu milio au mipepeso hiyo kabla ya kuzima. Kila kampuni ina maana zake, na ukitafuta jina kamili la laptopu yako pamoja na idadi hiyo utajua sehemu inayolalamika. Mara nyingi huwa RAM, kile kipande cha kumbukumbu ya muda. Zima, ondoa umeme wote, ichomoe, futa meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, irudishe mpaka isikike "ta". Fundi atakutoza kwa kazi hiyohiyo.

Na kuhusu umeme wenyewe: chaja nyingi zimeandikwa 100–240V, hivyo umeme mdogo wa jioni hauziui. Kinachoziua ni ule mshtuko umeme unaporudi. Umeme ukikatika, chomoa. Subiri urudi na utulie, ndipo uchomeke. Ile gadi ya friji inayongoja dakika chache kabla ya kuruhusu umeme upite inafaa pia kwa kompyuta. Kompyuta ya mezani haina betri, kwa hiyo UPS, kisanduku chenye betri ya akiba, kwake ni lazima. Mawingu yakijikusanya juu ya ziwa na radi ikaanza, chomoa chaja pamoja na waya wa mtandao. Watu hukumbuka chaja, husahau waya wa mtandao, na radi hupita hukohuko.

Inawaka, lakini kioo ni cheusi

Zima taa ya chumba, washa tochi ya simu, imulike skrini kwa pembeni. Ukiona picha hafifu, kompyuta inafanya kazi. Kilichokufa ni mwanga wa nyuma wa skrini. Usipoona kitu, shikilia kitufe cha Windows ubonyeze P mara mbili, kisha Enter, kwa sababu huenda mashine imeachwa ikituma picha kwenye projekta ya darasani au kanisani. Kisha unganisha na televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea kwenye televisheni, tatizo ni skrini au waya wake, na kama picha huja na kupotea unapousogeza mfuniko, ni waya unaopita kwenye bawaba. Waya ni rahisi, skrini ni ghali. Usikubali kuuziwa skrini kabla ya jaribio hilo. Pasipo picha popote, rudi kwenye RAM.

Imekuwa nzito

Hili ndilo lalamiko kuu, na ndilo linalotibiwa vibaya kuliko yote. Dawa ya mtaani ni kupiga Windows upya. Mashine inachangamka kwa muda, kisha inarudi ilikokuwa, kwa sababu chanzo hakikuguswa.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager. Tazama asilimia za "CPU", "Memory" na "Disk" ukiwa hujafungua chochote.

Kama "Disk" imeganda karibu na 100 na wewe hujagusa kitu, laptopu yako huenda bado ina diski ya kuzunguka. Hiyo husoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde mambo yakiwa mazuri, na ikitakiwa kuokota vipande vidogo vilivyotawanyika hushuka chini kabisa. SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ile ya kawaida ya aina ya SATA, husoma karibu 500, na haijali vipande vimetawanyika wapi. Sijui matengenezo mengine yanayobadilisha kompyuta kuukuu kwa kiasi hicho kwa fedha hizo. Laptopu ya mwaka 2014 yenye SSD huwaka haraka kuliko ya mwaka 2019 yenye diski ya kuzunguka, na mwenye nayo anaacha kuzungumzia kununua nyingine. Kabla ya kulipa, hakikisha tundu la mashine yako: nyingine zinapokea SSD ya inchi 2.5, nyingine ile nyembamba ya M.2, na hata M.2 ziko za SATA na za NVMe, ambazo zinafanana kwa umbo lakini huenda zisielewane na tundu.

Lakini diski ikiwa 100 na juu yake unasikia "tak, tak, tak," hilo si suala la kasi. Weka programu ya CrystalDiskInfo inayopima afya ya diski, ni ya bure. Ikiandika "Caution" au "Bad," nakili mafaili na uache kuitumia. Usiipige Windows diski inayokufa. Kuiandika upya yote ni kuimalizia.

Kama "Memory" ndiyo iliyojaa, hesabu RAM. Gigabaiti 4 ndicho kiwango cha chini ambacho Microsoft inakitaja kwa Windows 11, na cha chini maana yake ni kuwaka tu. Fungua Chrome, WhatsApp na hati moja ya Word, imekwisha. Kuongeza hadi 8 kunasaidia sana, ila angalia mambo mawili: RAM za aina ya DDR3L na za DDR4 haziingiliani, na laptopu nyembamba nyingi zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao, haiongezeki hata ukilia.

Kama ni "CPU," panga orodha kwa asilimia uone nani yuko juu. Antivairasi mbili kwenye mashine moja hupigana. Bakisha moja, na ile inayokuja na Windows inatosha watu wengi. Jina usilolijua linalokula prosesa usiku na mchana mara nyingi liliingia pamoja na programu ya "kukraki" Office. Nasema wazi: zile programu za kufungulia leseni ndizo mlango mkuu wa vimelea kwenye kompyuta za huku, na watu huzibeba kwenye flashi kama zawadi. LibreOffice ni ya bure, inafungua faili za Word, na haina mgeni ndani.

Mwisho, nenda sehemu ya "Startup apps" uzime vinavyojiwasha vyenyewe, na uache angalau sehemu ya kumi ya diski C ikiwa tupu.

Inachemka, inapiga kelele, inajizima

Vumbi letu jekundu ni jembamba na linashika. Likiingia kwenye matundu ya feni linajenga blanketi kati ya feni na mapezi ya kupozea, na hewa haipiti. Dalili ni feni inayovuma hata ukiandika barua tu, mashine inayopunguza kasi baada ya muda mfupi, kisha kuzimika ghafla bila onyo. Prosesa nyingi za Intel hufika kikomo karibu na nyuzi 100. Programu ya HWMonitor itakuonyesha uko wapi.

Kwanza itoe kitandani. Godoro huziba matundu ya chini. Ikishindikana, fungua mfuniko, shika panga la feni kwa kidole lisizunguke, upulize vumbi. Ukiiacha feni izunguke kwa nguvu ya upepo unaweza kuiharibu. Laptopu ya miaka mingi huhitaji pia krimu mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa. Ile ya zamani hukauka ikawa kama chokaa. Anayeishi kando ya barabara ya murrami asingoje dalili, asafishe kila mwaka kiangazi kikiisha.

Ikizimika bila kuwa na joto, shuku betri au chaja yenye wati pungufu.

Betri haikai

Fungua Command Prompt, dirisha la Windows la kuandikia amri, andika `powercfg /batteryreport`, bonyeza Enter. Kompyuta itakuambia ripoti imehifadhiwa wapi. Ifungue kwa kivinjari. Tafuta namba mbili: uwezo iliozaliwa nao na uwezo inaoweza kujaza sasa. Kama ilizaliwa na 50,000 na sasa inajaza 20,000, hakuna programu itakayoirudisha. Betri za lithiamu nyingi huanza kupungua waziwazi baada ya mizunguko 300 hadi 500 ya kuchaji.

Betri iliyovimba ni habari nyingine. Padi ya kipanya imeinuka au haibonyeki, laptopu haikai sawa mezani, mfuniko wa chini umefura. Zima, acha kuchaji, itolewe. Usiitoboe kutoa hewa, na usiitupe kwenye lundo la taka linalochomwa uani.

Saa inarudi nyuma na tovuti zinakataa

Kila ukiwasha, tarehe ni ya miaka iliyopita, na kivinjari kinadai kila tovuti si salama. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani tuko mwaka 2015 huviona vyote kuwa havijaanza. Rekebisha tarehe, tovuti zitafunguka. Ikirudi nyuma tena, badilisha betri ndogo ya ubao mkuu, kwa kawaida CR2032 ya volti 3, ileile ya saa na rimoti. Kwenye laptopu mara nyingi imefungwa kwa waya mfupi, hivyo mwambie fundi unachotaka kabla hajakupa orodha yake.

Nabonyeza herufi hii, inatoka ile

Ukibonyeza @ inatoka alama ya kunukuu, na kinyume chake: laptopu ilitoka Uingereza, Windows iliyowekwa ni ya mpangilio wa Marekani. Kwenye kibodi ya Uingereza, @ iko karibu na Enter, na alama ya pauni iko juu ya 3. Nenda mipangilio ya lugha, chagua kibodi ya Uingereza, basi. Waliovuka kutoka Kongo wamezoea AZERTY, mpangilio wa kibodi wa Kifaransa, nao wanaweza kuiongeza hapohapo hata kama herufi zilizochorwa ni nyingine. Namba zikitoka badala ya herufi upande wa kulia, zima NumLock. Chai ikimwagika, zima papo hapo, igeuze kifudifudi, isiwashwe mpaka ifunguliwe na kukaushwa. Maji yenyewe huharibu ubao, na sukari inayobaki huzidisha madhara.

Flashi: mafaili yamegeuka njia za mkato

Mwanafunzi amepeleka kazi kuchapishwa Wandegeya, au mfanyabiashara ametoka Nasser Road na mabango yake. Akirudi nyumbani, kila folda kwenye flashi ina kishale kidogo na ukubwa wa kilobaiti moja. Hofu inamfanya abofye mara kumi, na kila kubofya kunakialika kirusi ndani ya kompyuta.

Usibofye. Mafaili yako yapo, yamefichwa tu. Angalia flashi imepewa herufi gani, tuseme E, kisha kwenye Command Prompt andika `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`. Folda halisi zitatokea. Zinakili, pitisha antivairasi kwenye kompyuta na kwenye flashi, futa vile vishale, kisha fomati flashi. Kwa safari nyingine za kuchapisha, jitumie PDF kwa barua pepe au beba flashi isiyo na kitu kingine ndani.

Flashi inayodai gigabaiti 512 kwa bei ya soda, ukiweka mafaili yakafunguka ya mwanzo tu, imedanganywa uwezo wake. Programu ya H2testw itaijaza na kuisoma upya, iseme ukweli.

Intaneti nzito, bando linayeyuka

Simu iliyo karibu inafungua kila kitu na laptopu haifungui? Basi tatizo si minara. Tangu Facebook ilipofungwa Uganda Januari 2021, watu wengi waliweka VPN za bure, programu zinazopitisha intaneti yako nchi nyingine, na kuziacha zikiwa zimewashwa siku nzima. Kila kitu kinazungukia nchi nyingine kwanza: video zinakwama, Google inakuuliza kama wewe ni roboti, tovuti ya benki inakataa kwa sababu inakuona uko Uholanzi. Zima VPN, jaribu tena kabla ya kumpigia mtu simu.

Kuhusu bando, Windows haijui kama unatumia hotspoti ya simu uliyolipia kwa shida. Inashusha masasisho ya gigabaiti kadhaa ikidhani uko ofisini. Nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi, chagua mtandao wako, washa "Metered connection." Simamisha OneDrive isipakie picha. Bando lenyewe linatozwa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, kwa hiyo hakuna sababu ya kulitumia kushusha michezo ambayo hukuiomba. Masasisho ya usalama yashushe mahali penye Wi-Fi ya bure, lakini yashushe.

Lini uache kutengeneza

SSD, RAM, betri, chaja, kibodi: tengeneza. Skrini: linganisha bei na ya laptopu nzima ya aina hiyo. Ubao mkuu wenye shoti kwenye mashine ya zaidi ya miaka kumi: acha, uza vipuri.

Kigezo kingine ni Windows 10. Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa kompyuta za nyumbani zilipewa nafasi ya kujisajili kupokea viraka vya usalama hadi Oktoba 2026. Haizimiki, ila kwa asiyejisajili matundu mapya ya usalama hayazibwi. Windows 11 inataka TPM 2.0, yaani sehemu ya usalama ndani ya mashine, na, kwa prosesa za Intel, kwa jumla kizazi cha 8 kwenda juu. Kama mashine yako ni ya chini ya hapo na bado ni imara, Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, inaifaa: ijaribu kwanza kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote. Kwa kuandika, kusoma barua pepe na kutazama video, mama wa duka hataona tofauti kubwa. Kwa programu ya uhasibu iliyotengenezwa kwa Windows pekee, haimfai.

Sasa kununua

Soma namba, usisome stika. Kununua laptopu kwa sababu imeandikwa i7 ni kama kununua nanasi kwa urefu wa majani yake. Core i7-2620M ni ya mwaka 2011, ina viini viwili. Core i5-8250U ni ya 2017, ina viini vinne, na itamwacha kaka yake mbali huku ikila umeme kidogo. Tarakimu ya kwanza au mbili za kwanza baada ya kistari ndizo zinazotaja kizazi: 8250 ni cha 8, 1135 ni cha 11. Kwa AMD, Ryzen ya mfululizo wa 3000 kwenda juu uko salama. Stika hubandikwa na mtu yeyote, kwa hiyo andika `msinfo32` kwenye sehemu ya kutafutia, usome jina la prosesa na RAM ukiwa hapohapo dukani.

Kiwango changu cha chini kwa mwanafunzi au karani: kizazi cha 8, RAM gigabaiti 8, SSD gigabaiti 256. Anayehariri video au kuchora majengo atafute RAM gigabaiti 16. Chini ya hapo utarudi kwenye sehemu ya "imekuwa nzito" mapema sana.

Mpya au mtumba? Kwa fedha ndogo, mimi nasema mtumba wa ofisini: Latitude ya Dell, EliteBook ya HP, ThinkPad ya Lenovo. Zilitengenezwa zibebwe kila siku, vipuri vyake vimejaa katikati ya Kampala na hata Arua na Mbale, na mara nyingi RAM hubadilishika. Laptopu mpya ya bei hiyohiyo aghalabu huwa na Celeron N4020 yenye viini viwili na hifadhi ndogo ya mafaili iitwayo eMMC, ya gigabaiti 64, iliyochomelewa kwenye ubao. Inang'aa, ina harufu ya upya, na masasisho ya Windows peke yake yanakaribia kuijaza.

Mtumba una mitego yake. Washa na uingie BIOS, mipangilio ya mashine inayotangulia Windows (bonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad). Ikidai neno la siri ambalo muuzaji hana, iache. Mwombe aiweke upya kuanzia mwanzo huku imeunganishwa na intaneti: ikikuambia uingie kwa barua pepe ya kampuni au shule fulani ya ng'ambo, bado imefungwa kwa mwenye nayo wa zamani, na itaendelea kukusumbua kila ukiifuta. Chromebook za shule zina kifungo hichohicho, tena zina tarehe ya mwisho wa masasisho. Iulize kabla ya bei. Fungua ripoti ya betri kwa amri niliyoitaja. Fungua CrystalDiskInfo usome saa ambazo diski imetumika. Andika herufi zote, moja moja. Fungua na ufunge mfuniko ukisikiliza bawaba. Chomoa chaja, cheza video, uongee na muuzaji kuhusu mambo mengine huku ukitazama asilimia ya betri. Muuzaji mwema hatakuharakisha. Anayekuambia "boss, hii ni safi, niamini" huku mkono wake uko kwenye mfuniko, mshukuru na uendelee na duka linalofuata.

Bei ikikubalika, namba ya mashine iliyo kwenye BIOS ifanane na iliyo chini ya kasha, na iandikwe kwenye risiti pamoja na jina la duka na muda wa dhamana kwa siku. Dhamana ya mdomo haipo. Katika siku hizo usiitunze kabatini: iwashe mchana kutwa, ijaze mafaili, iunganishe na projekta, chomeka kila tundu la USB, ilaze usingizi na kuiamsha. Kasoro nyingi za mashine zilizotumika hujitokeza zikipata joto, na ni afadhali zijitokeze wakati muuzaji bado anapokea simu yako.